Chapa Kifuani mwa Shujaa

Aabo, baba yangu,

Ungekuwa hai ungeniuliza nani atakusomea barua hii. Nitakusomea mimi, kama zamani pale Garissa, tulipoketi mkekani, mimi na kitabu changu cha katuni, wewe na chai yako ya maziwa ya ngamia.

Unamkumbuka yule shujaa wa kuruka angani, mwenye barakoa? Vitabu vyake nilipewa na dereva wa lori la jeshi, yule mcheshi aliyependa kuniuliza habari za nyumbani. Mimi nilikuwa darasa la sita, Kiingereza nakisoma kwa kubabaisha, nakutafsiria kwa Kisomali. Ulipoiona alama kifuani mwake ulicheka hadi chai ikakumwagikia.

"Ala! Huyu naye wamempiga chapa?"

Nikakuambia ni pambo tu. Ukakataa katakata. Kwako wewe, alama ya mwilini ni chapa ya moto, ya ukoo, kama ya ngamia. Mwana wa shujaa alipotokea kitabuni na alama ileile ndipo ukaridhika. "Basi ni wake," ulisema. "Akipotea, watu watajua pa kumrudisha."

Kazi yako ilikuwa hiyohiyo. Vita vya shifta, wale waasi wa porini, vimechacha, wanajeshi wakikamata ngamia wanawaingiza kwenye zizi la seng'enge, wewe unasoma chapa na kutaja wenyewe. Mwenye jamaa porini, mifugo yake inatwaliwa, ndiyo imekwenda hivyo. Watu wakaacha kukusalimu. Ukiingia dukani mazungumzo yanakatika. Nami nikaanza kukutazama kwa jicho la pembeni, sikufichi.

Kisha wakaletwa ngamia wa mjomba wangu Abti Yusuf, kaka yake Hooyo, mama yangu, kutoka upande wa Balambala. Kila mtu alijua mwana wa Abti yuko porini na bunduki. Nilikuwa natoka shule, nikasimama nje ya seng'enge, roho mkononi. Chapa ile naijua tangu natambaa. Uliipapasa kwa kidole, ukamgeukia mkubwa wao na Kiswahili chako: "Hii yote yangu, afande. Ilibotea zamani."

Wakakupa.

Wallahi, siku hiyo nilikuchukia. Uliwafuga kama wako, mchana kweupe! Hooyo akawa anawakamua bila kusema neno, nikadhani anakuogopa. Nilipokuuliza ulinijibu, "Wewe soma kitabu chako." Na humo kitabuni mtoto wa shujaa alikuwa ameshakua, amegombana na baba yake, ameibandua alama kifuani na kuitupa chini. Nilikusomea ukurasa ule kwa sauti ya juu, makusudi, nikikukazia macho.

Ukaniuliza, "Huyo mtoto, akijua siri ya baba yake, anamwambia nani?"

Nikaona unanichimba. Nikajibu sijui, nikafunga kitabu. Hatukusoma pamoja tena.

Vita vilipotulia ukawaswaga ngamia wote, ukarudi mikono mitupu. Nikasema moyoni, haya, sasa amewauza. Na nikaishi na neno hilo miaka yote, Aabo! Nimekula kwako, nimeoa kwa dua yako, nimekuzika kwa mikono yangu, na bado nilikuwa nakuona mwizi.

Kwenye taazia yako Abti alikuja, mzee sasa, ameshikwa mkono. Akalia kama mtoto. Sikuvumilia, nikamuuliza mbele za watu anamlilia vipi mtu aliyemwibia.

"Warya, una wazimu?" alisema. "Aliniletea wote, mpaka ndama waliozaliwa kwake. Angetaja jina langu ningebaki na fimbo tu. Na uongo wake ungejulikana, angeozea jela."

"Mbona hakuniambia mimi, mwanawe?"

Akachezea tasbihi, hataki kunitazama. "Alisema una rafiki askari. Yule wa vitabu."

Kumbe! Mimi nakuvizia wewe, wewe unanivizia mimi, na mkeka ni mmoja. Imeniuma, Aabo, tena nimekasirika. Hooyo alijua, Abti alijua, mimi wa damu yako nikaachwa nje ya seng'enge. Nilitaka kukuapia kwamba nisingefungua mdomo.

Lakini yule dereva aliwahi kuniuliza, kitabu kipya kikiwa mkononi mwake, wale ngamia wa kwenu walitoka wapi. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu kumwambia mgeni kwamba baba yangu ni mwizi. Ningejua baba yangu ni shujaa, ningemwambia palepale.

Allah akupanulie kaburi, Aabo.

Mwanao, wa chapa yako.