Kofi la Bibi Maringo

Jumatatu, 4 Agosti

Zumari anakuja! Meneja wa ukumbi kaingia chumba changu cha kushonea mbio, jasho linamtiririka, akapiga meza kwa ngumi mpaka pini zikamwagika. Ataimba siku nne, kila alasiri, kuanzia Alhamisi. Nipunguze suti yake nyeupe kiunoni, anasema, mzee amekonda. Miaka sabini na minne sasa.

Kufika saa sita mchana watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Kioo cha dirisha la tiketi kimevunjwa. Si kwa ubaya, anasema bawabu, ni kusukumana tu. Mwanamume mmoja kachanika kiganja, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko, lakini tiketi haiachii — na anacheka! Nimemfunga kipande cha bitana. Hajafika hata miaka thelathini. Zumari aliacha kurekodi kabla huyu hajazaliwa. Nikamuuliza hizo nyimbo kazijulia wapi. Kwa bibi yake, anasema. Alikuwa akimwimbia wakati wa kumwogesha.

Sijamwambia Mama.

Jumanne, 5 Agosti

Mama anajua tayari. Fundi viatu, jirani yetu, kamwambia kwa kelele, upande wa sikio zima. Nilipoingia alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akauliza jambo moja tu: "Safari hii anapigwa nani?"

Niliandike hili, maana sijawahi. Katikati ya nyimbo Zumari ana mchezo wake. Mume anarudi nyumbani, mke ana maringo, hajapika, anajibu kwa vijembe. Wanarushiana maneno. Halafu mume anamzaba kofi, ngoma inalia DUM, mke anaanguka miguu juu, ukumbi unavunjika mbavu. Bibi Maringo wa kwanza alikuwa Mama. Miaka kumi na mmoja. Zumari alikuwa mumewe wa jukwaani tu. Mume wa kweli alikuwa mpiga ngoma. Baba. Ile DUM ilikuwa ya Baba.

Makofi yalikuwa ya kweli. Kila onyesho. Mwaka wa kumi na moja ngoma ya sikio la kushoto ikapasuka, watu wakacheka kama siku zote, kwa kuwa damu ilingoja pazia lifungwe ndipo ikatoka. Mama alipoacha kazi walimzomea sokoni. Eti sasa maringo yamekuwa ya kweli! Baba aliendelea kupiga ngoma ya Zumari miaka sita mingine. Marehemu. Mungu amrehemu. Mkono umeandika hivyo kwa mazoea, sijui kama moyo umo.

Mtu akimwita kwa upande wa kushoto, Mama husema, "Sikio la kufa halisikii dawa," kisha anacheka peke yake.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Zumari kafika na fimbo, magoti yanamtetemeka, lakini kofia kaiweka upande vile vile. "Shikamoo, baba mkubwa." Imenitoka tu, ndivyo nilivyomwita utotoni. Akanishika mashavu mawili. "Marahaba, mtoto wa ngoma! Mama hajambo?" Aliuliza kwa huruma. Ya kweli au ya jukwaani, siwezi kujua. Labda hata yeye hajui.

Halafu akaimba. Nilikuwa nimekusudia kumchukia! Sauti imechakaa, inakwaruza, lakini kuna pale anapofika neno la mwisho, ananyamaza kidogo kama amelisahau, kisha analitoa polepole — malaika ya mikono yakanisimama. Fundi wa taa, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa analia juu ya ngazi. Mimi nilibaki na pini mdomoni.

Kisha kofi. Bibi Maringo mpya ni msichana mwembamba, ndiyo kwanza amalize masomo ya uigizaji. Mara nne mzee hakuridhika. Msichana anafumba macho mapema, anasema mzee, watu watajua. La tano lilimpasua mdomo kwa ndani. Akatema mate mekundu kiganjani, akakifumba asionekane. Zumari akampa leso yake mwenyewe, akambusu utosini. "Mwanangu, kofi la uongo watu wanalinusa. Hawakutoka majumbani mwao kwa ajili ya uongo."

Sita. Saba. Nane. Mpiga ngoma wa sasa hakukosa hata moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Onyesho la kwanza. Lango limeng'olewa. Wanawake wawili wamekanyagwa, mmoja kavunjika vidole, kakataa kupelekwa kutibiwa mpaka onyesho liishe. Wanaume wawili wenye mvi waligombea kiti cha mbele, mmoja akamng'ata mwenzake sikio. Likachanika! Walitolewa nje, wakapenya wakarudi, wakakaa bega kwa bega wakaimba pamoja. Damu inashuka shingoni, mtu anaitikia kibwagizo!

Kabla hata ya wimbo wa tatu wakaanza kudai. Ko-fi! Ko-fi! Miguu inapiga sakafu, vumbi linadondoka toka darini. Sauti za wanawake ndizo kubwa.

Akampiga. Nilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu. Nililisikia kofi kabla ya ngoma. Msichana hakuanguka kama alivyofundishwa, alianguka kama gunia. Kicheko kikanipiga usoni kama joto la tanuri.

Nikamziba pua kwa pamba. Jino la juu linacheza. Akauliza kwa sauti ya puani, "Dada, walicheka sana?" Nikamwambia walicheka sana. Akatabasamu.

Sijala tangu niliporudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Msichana hakuja. Kaja kaka yake, na nondo mkononi. Kavunja kioo cha chumba cha kuvalia, kavunja taa zote, anamtaka mzee. Mabawabu wakamtoa nje — na nje ndiko kulikokuwa na balaa. Watu wa foleni walimpokea kwa mateke, kwa mikanda, mama mmoja kwa kisigino cha kiatu. Walimpiga huku wanaimba. Naapa! Ule wimbo wa taratibu, wa mapenzi. Ubeti ulipoisha alikuwa hatikisiki. Yu hai, wanasema. Mkono umevunjika mara mbili.

Zumari aliimba tu leo, bila mchezo. Watu wakarusha viti.

Meneja anasema bila Bibi Maringo kesho wataubomoa ukumbi. Akanitazama. Zumari akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga kama anayechagua kitambaa. "Sura ya mama yake kabisa." Maneno ya mchezo nayajua tangu nikiwa mdogo. Gauni nimelishona mimi, linanikaa. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Basi nimekubali, kuna jina gani jingine?

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane. Nimeshavaa gauni la Bibi Maringo, nimeshajipaka poda. Mlango ukafunguliwa — Mama! Nani kamwambia? Fundi viatu, nani mwingine. Mwanawe anauza maji pale langoni. Mama hakunifokea. "Vua."

Nikamwambia Mama, nitafukuzwa kazi.

"Vua, mwanangu. Hili si la kurithi."

Nikavua. Akalivaa yeye, likambana, ikabidi nifumue mshono wa mgongoni nishikilie kwa pini. Ana miaka sitini na tisa. Nilijaribu kumzuia, nilimshika mpaka kifundo cha mkono. Alinitazama tu, nikaachia.

Zumari akamwona nyuma ya pazia. Macho yakamlowa. "Shemeji. Nilijua utarudi."

Mama akasema, "Twende, watu wanangoja."

Walipomtambua — ukumbi ule! Wazee walipanda juu ya viti. Wengine walikuwa wanalia kabla hajafungua mdomo. Akaanza kujibu, na Mungu wangu, alikuwa fundi. Sikuwahi kumwona jukwaani, niliacha kunyonya yeye ameshaacha. Kila kijembe kinaingia pale pale. Anangoja kicheko kipande, kikianza kushuka anatupa kingine. Zumari mwenyewe alisahau maneno. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesikia wimbo wake ukiimbwa na mtu mwingine, vizuri kuliko anavyouimba yeye.

Kisha akainua mkono. Mama akaudaka hewani, akamzaba yeye.

DUM. Mpiga ngoma kapiga kwa mazoea.

Kicheko kile sijawahi kukisikia. La pili. DUM. La tatu lilikuwa ngumi. Mzee akarudi kinyumenyume, akapepesuka akageuka, akaanguka uso mbele, taya likagonga ukingo wa chuma wa kiti cha mpiga ngoma. Suti nyeupe ikawa nyekundu kifua kizima. Mama akampiga teke la mbavu. Jingine. Jingine. Ngoma imenyamaza, na watu wangali wanapiga mayowe: Te-na! Te-na!

Na mimi nilikuwa nacheka. Niliandike na hilo. Nilicheka mpaka nikashika pazia nisianguke.

Fundi wa taa ndiye aliyemvuta Mama. Walipomgeuza Zumari, taya lilikuwa limehama upande mmoja. Viti vya mbele vikanyamaza. Vya nyuma havikuona, viliendelea kushangilia muda mrefu.

Polisi walichukua maelezo. Askari alimwandikia Mama huku akimtazama kwa haya, kisha akauliza kama ni kweli yeye ndiye yule wa zamani, mama yake alikuwa akimsimulia. Wamemwachia arudi nyumbani mpaka majeruhi aweze kueleza upande wake.

Mama kalala bila kuvua gauni.

Jumapili, 10 Agosti

Mawe tangu asubuhi. Madirisha mawili yamekwenda. Fundi viatu alitoka na nyundo yake kuwafukuza, jiwe likampata kwenye paji. Nimembandika plasta, anaona fahari. Nje wanaita muuaji, wakati mzee hajafa. Wengine wanaita Bibi Maringo, Bibi Maringo, jitokeze tukuone! Nimechungulia. Ni watu wale wale.

Mkono wa Mama umevimba, vifundo vyeusi. Ameutia kwenye bakuli la maji baridi. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema magoti yanamuuma.

Saa saba meneja kagonga. Nilidhani kaja na polisi. Yuko peke yake, koti limechanika mkono, watu walimvuta njiani. Katoa karatasi. Mwandiko wa Zumari, taya limefungwa waya, hawezi kusema. Nikamsomea Mama kwenye sikio la kulia:

"Shemeji, sitamshtaki mtu. Umekisikia kicheko? Tangu ulipoondoka sijakisikia kile. Daktari anasema wiki sita. Nikifunguliwa waya tuendelee, zamu kwa zamu, unipige nikupige. Ila leo wapo watu ukumbini na mimi siwezi. Usiwaache vile."

Meneja anasema kweli, wameanza kuvunja viti, kibanda cha tiketi kimechomwa moto. Mume wa mchezo atakuwa yeye mwenyewe. Maneno anayajua. Kofi atapiga polepole, anaapa kwa mama yake mzazi. Halafu Mama amrudishie atakavyo. Gari liko nyuma ya nyumba, injini inawaka.

Nikamwambia atoke kabla sijamtolea mkasi.

Mama akasema, "Soma tena hapo pa kicheko."

Nikasoma. Sikupenda kusoma, lakini nikasoma. Jiwe jingine likapiga bati. Mama akatoa mkono kwenye bakuli, akajaribu kuukunja. Vidole viwili vikakubali, vitatu vikagoma. Akaukausha kwa upindo wa gauni, lile lile la jana, lina damu iliyokauka begani. Akasema mkono wa kushoto unaweza. Sijui kama alikuwa anatuambia sisi.

Nimemwambia Mama, sikio la pili je? Likienda na hilo, nitakuita kwa njia gani?

Hakujibu. Pengine nilisema kwa upande mbaya.

Nimefunga mlango sote watatu tukiwa ndani, ufunguo ninao. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mbao za mlango, naandikia gotini ili mikono ipate kazi. Meneja anatazama saa. Mama amepata kiatu kimoja, amekivaa, anainama chini ya kitanda kutafuta cha pili. Ananiambia nisogee. Anasema kwa upole kabisa, "Watu wanangoja, mwanangu."