Kivuli Chako Si Cheusi, Mama Yeremia

Mama Yeremia, mke wangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika kaka zangu wanne, na wote walikuwa wakisema mimi ndiye nitakayeanza kwenda. Nyumba ya tembe ya baba imeanguka, mimi nimesimama. Njaa ya kula mizizi niliipita. Fahali aliyenitia pembe ubavuni tulimla nyama, na daktari aliyesema sitafika Krismasi ameshastaafu. Nimebaki nyuma yako pia, jambo ambalo sikulipanga.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kushtushwa ovyo. Lakini jana kitambaa cha kiti kimenishtua mpaka chai ikanimwagikia gotini. Barua hii naiacha wazi. Wakitaka kuisoma kanisani, waisome. Naandika herufi moja moja, lakini ngumbaru, kisomo cha watu wazima, nilisoma na nikatoka wa kwanza, wewe ulikuwepo.

Nianzie mwanzo.

Zile penseli zako za rangi nilizikuta sandukuni, chini ya kitenge chako cha Pasaka, zimefungwa kwa kipande cha mpira. Ndizo ulizokuwa ukichorea maua kwenye kitambaa kabla ya kufuma, ukiweka rangi kwanza uone uzi upi ukae wapi. Nilikuwa nakwambia, "Mtu mzima unachezea vitu vya chekechea." Nawe bila kuinua macho, "Baba Yeremia, kunywa uji wako, unapoa."

Nilizipanga mezani kama ndama. Nyekundu ilikuwa nzima. Manjano nusu, kijani nusu. Zambarau ilibaki urefu wa kidole gumba changu. Nikashangaa, maana maua yako yote yalikuwa alizeti. Nikajisemea, labda ilivunjika.

Nilichonga moja kwa wembe nione tu mbao yake ni ya mti gani. Nikaijaribu nyuma ya kalenda ya zamani. Mstari ukapinda, ukawa mgongo wa ng'ombe. Nikaongeza nundu. Kufika jua la utosi nilikuwa nimemtoa yule dume mwekundu mwenye paji jeupe, na jicho lake la ukorofi.

Mzee Mkumbo, jirani yetu, aliingia kuomba shoka akamwona pale mezani.

"Huyu si yule aliyemkimbiza mchungaji mpaka akapanda juu ya mawe?"

"Ndiye."

"Nani kakuchorea?"

"Mkono huu."

"Acha uongo wewe. Mkono huo hata kwenye fomu ya mbolea unaweka dole gumba!"

Basi nikamchorea pembe ya pili mbele ya macho yake. Shoka alilisahau, akalirudia kesho yake.

Mama Yeremia, sijisifu, nasema kilichopo. Nimechora kila ng'ombe aliyewahi kulala katika zizi langu. Yule wa madoa kama mtama uliomwagika. Yule wa rangi ya majivu aliyezaa mapacha. Yule aliyevunjika pembe ya kushoto. Wengine walikufa miaka arobaini iliyopita, na sikukosea doa hata moja. Nimejifunza mwenyewe kwamba ukikandamiza penseli karatasi inang'aa kama imepakwa mafuta, na rangi ya pili haishiki. Inataka upole. Unaweka kahawia kidogo, juu yake chungwa kidogo, unangoja, unarudia. Mimi, upole! Wewe ungecheka mpaka ukae chini. Watu wanatoka mjini Kiomboi kuja kuona. Mwalimu mmoja aliniuliza nimesomea wapi, nikamwambia machungani.

Hapo ndipo Mkumbo alipofungua mdomo wake. "Ng'ombe tumewaona," akasema. "Sasa mchore mama."

Nikamjibu, "Kesho asubuhi njoo umwone."

Asubuhi ile nilikaa na karatasi nzuri, nyeupe. Nikachora kitambaa chako cha kichwa. Nikachora shingo. Nikafika kwenye kovu lako la kuungua, lile chini ya jicho, na penseli ikasimama.

Kulia au kushoto?

Nililiweka kushoto, akanitazama mwanamke nisiyemjua. Nikachukua karatasi nyingine nikaliweka kulia, akaja mwingine, mgeni vilevile. Miaka hamsini na miwili, Mama Yeremia. Pembe iliyovunjika ya ng'ombe naijua upande wake, kovu la mke wangu silijui. Nilisikia baridi, na jua lilikuwa linawaka. Mkumbo alipobisha nikamwambia naumwa tumbo.

Nikatafuta picha. Picha gani? Kadi yako ya kura ilipata mvua mwaka ule paa lilipovuja, uso umekuwa doa. Na nyingine hakuna kwa sababu yangu mimi. Unakumbuka Pasaka ile, mpiga picha amekuja na baiskeli, wewe umevaa kitenge kipya, umesimama karibu na ukuta unangoja? Nikakwambia mbele za watu, "Picha ya nini, kwani unakufa?" Ulicheka kidogo ukaingia ndani kupakua. Toka siku hiyo, kila Yeremia alipokuja likizo na simu yake akaiinua, ulivuta kanga usoni. "Baba yenu hapendi." Sikusema napenda, sikusema sipendi. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kwangu ukakutii mpaka mwisho.

Wiki mbili sikushika penseli.

Halafu nikafikiri, mimi nimekuona lini? Shambani umeinama. Jikoni kuna moshi. Njiani natangulia mimi na fimbo yangu, wewe unafuata na mzigo, ndivyo tulivyolelewa, na mwanamume hageuki geuki. Lakini tukirudi mnadani jioni jua lilikuwa migongoni kwetu. Na kivuli chako kilikuwa kinanipita. Kilipita kando ya mguu wangu kikatangulia mbele, na kiroba kichwani, mkono wa kushoto umekishika kwa sababu bega la kulia liliteguka, na ncha ya kanga inapigwa na upepo. Hicho nakijua! Nimekitazama maisha yangu yote. Ukichoka kilikuwa kinarudi nyuma kidogo, nami napunguza mwendo, na sijawahi kukwambia kwamba napunguza.

Nikachora njia, nikaweka kivuli kwa penseli nyeusi. Kikaonekana shimo la choo. Nikafuta, nikarudia, shimo lingine. Jioni nikatoka nikasimama njiani kukitazama cha kwangu. Mkumbo akapita na mbuzi wake.

"Umedondosha nini?"

"Natazama kivuli."

"Haya, sasa umezeeka rasmi."

Lakini mimi nilikuwa nimeona. Kivuli si cheusi! Udongo wetu mwekundu unabaki pale pale chini yake, ni kama umefunikwa na kitu cha zambarau, chepesi kama moshi. Miaka sabini na tisa nakanyaga vivuli na sikujua. Nikakimbilia ndani, kukimbia kwangu sasa unajua. Nikaweka kahawia, chungwa, na juu yake ile zambarau yako fupi, polepole. Kivuli kikalala chini kama kinavyotakiwa. Kikaanza kutembea.

Jana akaja mdogo wako Roda kunisalimia, na vitunguu kwenye mfuko. Nilikuwa kwenye kiti changu nimeegemea, kikombe cha chai mkononi, nikamnyooshea karatasi. Aliigeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Dada," akasema. Halafu akagusa pale kwenye mkono. "Na bega lake, shemeji. Mpaka bega lake!"

Akalia. Nami ili nisilie nikaanza kujisifu. Nikamwambia, "Roda, sikiliza, wilaya nzima ya Iramba hakuna anayejua kitu hiki. Watu wote wanadhani kivuli ni cheusi. Ni zambarau. Nimekigundua mimi."

Roda akajifuta macho, akanitazama vile mlivyozoea kunitazama ninyi wa kwenu.

"Shemeji, sogea mbele kidogo."

Akachomoa kitambaa nyuma ya mgongo wangu. Kile ulichokifuma Yeremia akiwa anatambaa, nilichokiegemea jioni zote hizi. Akakitandaza magotini kwangu. Alizeti sita. Na chini ya kila jani la ua, Mama Yeremia, uzi wa zambarau. Mwembamba. Kila jani.

"Alinifundisha tukiwa wasichana," Roda akasema. "Alikuwa ananiambia, 'Usitie nyeusi, nyeusi inatoboa kitambaa.'"

Ndipo chai ikamwagika.

Ulijua. Ulijua ukanyamaza, ukaniambia ninywe uji. Nikawa kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Halafu nikameza kiburi, kilikuwa kikubwa, kikanikwama, nikamuuliza Roda kovu lako lilikuwa upande gani. Hakunicheka. Alisema, "Kulia, shemeji."

Kulia. Nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani.

Uso bado sijauchora. Zambarau imebaki kama punje ya hindi, haishikiki tena kwa vidole, nimeifunga kwenye kijiti kwa uzi wako. Sitaki mpya. Hiyo iliyobaki ni ya kivuli cha pale chini ya kovu, na inatosha. Kitambaa nimekitoa mgongoni nimekiweka mbele yangu. Ng'ombe hawa wote wa kwenye karatasi nimewageuzia uso ukutani wasinitazame nikifanya kazi.

Asiyeniamini akamuulize Roda, hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu. Au Mzee Mkumbo aliyenikuta njiani nimeinamia udongo, na shoka langu bado liko kwake. Akitaka shahidi wa tatu, kitambaa kipo, apinde kiuno akitazame chini ya majani.

Safari hii umetangulia wewe. Nenda taratibu, usigeuke. Nakuona.

Mimi mumeo,
ninayefuata nyuma,
Baba Yeremia
Kinampanda