Naam kwa Binti wa Kiduruma

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, ingawa ulisahau kuniamkia. Usicheke! Mimi ni ndugu mdogo wa bibi yako, kwa hiyo ni babu yako, hata kama ndevu ndiyo kwanza zinaota. Bibi ni mzima hapa Likoni, goti limepoa, alhamdulillahi.

Umeuliza utampimaje msemaji wa lugha usiyoijua. Umemfikia bingwa! Shule nilikomea darasa la saba, lakini vijana wa mtaa wa Shika Adabu hapa Likoni walipofanya shindano la hotuba kwa lugha za kwao, nani alikalishwa meza ya majaji?

Binti mmoja alisema sentensi moja ya Kiduruma, akanyamaza. Jaji mwenzangu akataka kumtoa.

"Dada, umesahau?" nikamuuliza.

"Sijasahau. Kwetu msemaji huitikiwa. Nangoja."

Nikasimama, nikamwitikia "Naam!" kila alipotua, bila kuelewa hata neno. Ukumbi mzima ukanifuata, naye akashinda.

Baadaye akaja. "Asante, kaka. Ila umeitikia hata niliposema majaji wa leo ni mbumbumbu."

Wallahi, namshukuru hadi leo. Kabla yake nilidhani kazi ya jaji ni kukunja uso.

Babu yako kijana,
Salimu