Penalti Ambayo Hukuirusha

Mdogo wangu Kasiani,

Masika yamekolea, na mpunga nyuma ya Lipangalala umeanza kujaa maziwa. Kila ufikapo wakati huu nakuona umesimama katikati ya ghala, fimbo yenye kinyavu begani, na mpira ndani yake.

Vijana wa siku hizi wakiniuliza lakrosi ni kitu gani, huwaeleza kama nilivyokuwa nikifundisha darasani: ni mchezo wa kudaka na kurusha mpira mdogo mgumu kwa fimbo yenye wavu nchani, mpaka uingie golini. Aliyetuletea ni Glen, yule Mkanada wa maabara, miaka ile ya tisini. Alikukuta shambani ukiamia ndege. Ulikuwa umebandika donge la udongo kwenye ncha ya ufito, unauchapa hewani, nalo donge linaruka kuwafukuza ndege mbali kuliko mkono wa mtu ungeweza kulitupa. Akashuka kwenye baiskeli, akatumbukia topeni.

"Wewe unacheza mchezo wetu bila kujua," akakuambia.

"Hapana, bwana. Ninyi ndio mnaamia ndege bila ndege."

Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alikuja nyumbani na fimbo mbili. Nyingine tulizitengeneza wenyewe kwa fito na vipande vya nyavu za wavuvi.

Kwao huchezwa ndani kwa sababu ya baridi. Sisi tulicheza ndani kwa sababu ya mvua. Ghala la mpunga lilikuwa tupu, likisubiri mavuno. Wageni wenzake Glen wa mradi ule wa maabara walitosha kuunda timu ya Kanada na ya Uswisi, nasi tukawa Tanzania. Mama alitushonea fulana za kijani, akazitia mstari wa njano. Ilianza kama mzaha. Lakini Glen alikuwa ametueleza kwamba huko kwao timu za mataifa hukutana kwenye kumbi kubwa, na akasema mbele ya wenzake: "Mkitufunga, Kasiani nakwenda naye likizo. Ajifunze, arudi awafundishe, nanyi mje siku moja kama taifa." Glen hakuwa mtu wa kusema asichokusudia. Ulianza hata kuniuliza theluji inakanyagwaje.

Fainali ikawa sisi na Kanada. Refa nilikuwa mimi, kwa kuwa filimbi ya shule nilikaa nayo. Ghala lilijaa watu wa mitaa ya Viwanja Sitini na Lipangalala, na kelele zao zilishinda mvua juu ya mabati.

"Mwalimu, filimbi umeimeza? Huoni wanamsukuma mtoto wa watu?"

"Mwacheni, anawaogopa wazungu!"

Tulikuwa sare, muda unakwisha, ndipo Mkanada mmoja akakukwatua mbele ya goli. Nikapuliza: penalti. Ukasogea, ukaweka fimbo begani.

Hapo ndipo mama mmoja alipopiga yowe mlangoni: "Kwelea! Kwelea wameshuka!"

Wewe unajua jinsi desturi yetu ilivyo: dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, halibaki bila mtu; aliyemo hashuki mpaka wa zamu inayofuata aje. Siku ile kila mtu alidhani mwenzake yuko dunguni, na wote tulikuwa ghalani. Ndege wale hutua kama wingu, na wakiinuka hubaki mabua.

"Kasiani, rusha kwanza!" Glen alipiga kelele.

Uligeuka, ukaniangalia mimi. "Kaka, mpunga wa mama."

Ukatoka mbio na fimbo yako, nasi wote nyuma yako, Kanada na Uswisi pia. Tukachota tope kwa vinyavu vya lakrosi, tukawarushia kwelea mpaka giza likaingia. Nusu ya shamba la mama ilipona.

Marudiano hayakuwahi kufanyika. Mafuriko yalikata njia, kisha magunia yakajaa ghalani, na lilipokuwa tupu tena wageni walikuwa wamemaliza mkataba wakarudi kwao. Hukulalamika. Ila kila tulipopakua wali ulisema, "Karibuni wali wa penalti," tukacheka. Mama hakucheka. Mwaka ule ulipolala hospitalini, ule ambao hukurudi tena nyumbani, uliniambia bila mimi kuuliza: "Ningeuweka chini kushoto, Kaka. Yule kipa alikuwa ameshaegemea kulia."

Hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote ile ulikuwa bado umesimama pale.

Fimbo yako wajukuu wanaamia ndege kwayo. Filimbi ninayo. Na kwa kuwa napenda kueleza, vumilia nieleze mara ya mwisho: mechi humalizwa na refa peke yake, naye refa siku ile alikimbilia shambani bila kupuliza filimbi ya mwisho. Sijapuliza mpaka leo, wala sitapuliza.

Rusha, mdogo wangu. Chini, kushoto.

Mimi kaka yako,
refa