Majina Kwenye Sanduku la Barua

Jumatano, 15 Januari 2014

Mgongo wote unauma. Nimepika sombe ya majani ya muhogo sufuria kubwa, bugali, na ndagala za kukaanga. Mezani tulikuwa wanne tu: mimi, binti yangu Merveille, papa Birindwa anayelala sebuleni, na Vestine na tumbo lake. Wanne kwangu si watu wengi. Mwaka juzi tulilala tisa, na choo kimoja!

Miaka minne sasa. Nilipoingia jengo hili la Columbia Heights hapakuwa na Mkongomani hata mmoja. Siku hizi mtu akishuka basi kutoka Texas, sijui Kentucky, anaulizwa: umeshafika kwa mama Euphrasie? Utadhani mimi ni ofisi ya serikali. Wanakula, wanalala, wanapata kazi, wanakwenda. Sijawahi kumuuliza mgeni anaondoka lini. Hata mmoja. Hilo najivunia, Mungu anisamehe.

Leo nimeongeza jina la Birindwa kwenye sanduku la barua kule chini. Karatasi zake za ukaazi zilirudishwa na posta kwa sababu jina halikuwapo. Nimekata kipande cha utepe mweupe, nikaandika kwa kalamu nene. Sasa tuko kumi na moja! Saba wameshahama zamani, lakini siwabandui. Barua zao bado zinakuja hapa. Halafu kubandua jina la mtu — hapana, ni kama kumzika.

Jumatatu, 20 Januari

Miguu ya Vestine imevimba. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Daktari anasema zimebaki wiki tatu. Mimba ya kwanza, na mume wake Jairus bado yuko kambini Uganda, faili lake halijasogea. Kila mtu wa posta akipita, Vestine anashuka ngazi, mkono ukutani, kutazama kama kuna habari ya Jairus. Hakuna. Anapanda tena. Labda kesho, mama.

Nikamwambia keti, Merveille atakwenda kukutazamia. Wapi! Hasikii.

Amesema mtoto akiwa wa kike atamwita Euphrasie. Nikajifanya nacheka — maskini mtoto, jina la bibi kizee! Nikaenda jikoni nikafuta macho kwa kitambaa cha sahani.

Alhamisi, 23 Januari

Karatasi mlangoni. Merveille akanisomea, lakini naye akisoma anameza nusu. Nikapanda nayo juu kwa Wambui, yule mwanafunzi Mkenya.

Akasoma, akaketi. “Mama, wame-count majina kwa mailbox. Wamepiga hadi picha. Wanasema mnaishi kumi na moja kwa two-bedroom.”

Kumi na moja! Mjinga mimi! Mkono wangu mwenyewe, mwandiko mzuri niliofundishwa na masista Bukavu. Nimejishtaki kwa kalamu nene.

Meneja wa jengo anakuja Jumatatu saa nne asubuhi kukagua. Mkataba unasema mgeni siku kumi na nne, basi. Vestine ana siku hamsini na tatu. Akikutwa, tunatolewa wote, mimi na Merveille nje, kwenye baridi hii.

Nimeshuka na kisu nikabandua wale saba. Mmoja mmoja. Nimewapigia simu wote, wawili wamenikasirikia. Papa Birindwa alinifuata na kandambili zake kwenye baridi ya korido. Toa na langu, mama Merveille, Jumapili nakwenda. Amepata kazi kiwanda cha nyama huko kusini. Mtu mzima yule, hangoji kuambiwa.

La Vestine sijaligusa. Sijui kama ameelewa ile karatasi. Ameelewa.

Jumamosi, 25 Januari

Nimegombana na Merveille. Ameniambia kwa Kiingereza chake, it's her or us, Mom, ama Vestine ama sisi. Nikamjibu Kiswahili kimemfia mdomoni, na moyo nao umemfia. Akaingia bafuni akajifungia, akalia.

Baadaye ndipo nikakumbuka. Tangu Desemba mtoto huyu analala chini ili Vestine apate kitanda. Hajalalamika siku moja. Ana miaka kumi na sita, amebadilisha shule nne, na mimi namwambia hana moyo. Sijamwomba msamaha.

Jumapili, 26 Januari

Birindwa ameondoka baada ya ibada. Nimemfungia mandazi. Amemwekea Vestine mikono kichwani, akamwombea, akaingia kwenye gari la watu wa kanisa.

Halafu nikafanya nililofanya. Acha niandike, hapa hakuna wa kunisoma.

Tulikuwa tunachambua maharage, mimi na Vestine. Nikamuuliza: “Yule dada yako wa Kentucky, hajambo? Siku nyingi sijasikia habari zake.”

Basi. Hayo tu. Kwetu mgeni haambiwi toka. Anaulizwa habari za ndugu zake wengine. Kila aliyelelewa vizuri anajua, na Vestine amelelewa vizuri. Mkono wake ukasimama juu ya maharage.

“Hajambo, mama. Aksanti kwa kumkumbuka.”

Akaendelea kuchambua. Alipomaliza akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi kabatini. Mimi nikawa najiambia, nimekosa nini? Nimeuliza habari tu. Nimepanga kesho ajifiche kwa Wambui kwa muda wa saa mbili hivi, meneja aende zake, halafu tutaona. Sikumwambia asifikirie vibaya. Ningemwambia. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia.

Jumatatu, 27 Januari

Shule zimefungwa kwa baridi. Ukitoka, pua inaganda.

Saa tatu Vestine alisema anapanda kwa Wambui. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, na tumbo lile! Nikamwambia ondoka bwana, utaanguka. Ondoka! Neno hilohilo.

Meneja akaja. Akafungua makabati, akahesabu miswaki. Miwili. Merveille akamjibu yote kwa adabu. Meneja akatabasamu, everything looks good, akaenda zake. Tumepita! Nilimkumbatia Merveille, tukarukaruka pale sebuleni wote wawili. Nikachemsha chai, nikapanda nayo kwa Wambui.

“Vestine? Hajafika huku, mama.”

Nikasema usinitanie. Hakuwa anatania.

Nimeshuka ngazi sijui vipi. Kwenye sanduku majina mawili tu, langu na la Merveille. Pale palipokuwa na lake pamekwaruzwa kwa kucha. Amejibandua mwenyewe! Mkoba wake nilidhani ameuficha kwa ajili ya meneja. Simu ameiacha kitandani kwa sababu ni laini yangu. Na koti kubwa nililompa limetundikwa nyuma ya mlango. Amevaa lile alilokuja nalo kutoka Texas, ambalo halifungi tumboni.

Nimempigia dada wa Kentucky. Kabla sijasema neno akaanza kunishukuru. Vestine alimwambia, hata kama milango yote ya Amerika itafungwa, mama Euphrasie hafukuzi mtu. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Baadaye nikampigia tena nikamwambia kweli yote. Amepiga yowe.

Merveille amepiga simu hospitali za Saint Paul na Maplewood. Hawaambii mtu asiye ndugu. Amepiga polisi, wakaandika jina. Nikamuuliza, wewe ulimwambia aende? Akaniangalia. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. “Hapana, mama. Wewe ulimuuliza dada yake. Nilisikia.”

Kumbe anajua. Mtoto aliyekulia huku, na hilo analijua.

Jumanne, 28 Januari

Baridi ileile, shule bado zimefungwa. Merveille na Wambui wametoka na gari la Wambui tangu asubuhi, na picha ya Vestine kwenye simu. Kituo cha mabasi makubwa, makanisa, kila mahali pa joto. Hakuna.

Mtu wa posta amekuja saa saba. Nilikuwa nimesimama pale chini, koti la Vestine mkononi. Bahasha ndefu yenye dirisha, nikasoma jina lake! Nikanyoosha mkono. Akaangalia sanduku, majina mawili. Akaniuliza kitu, nikasema yes, yes, here, my house. Akatikisa kichwa. Mtu mwema, ana barafu kwenye masharubu, ameniambia sorry mara mbili. Akairudisha begini.

Labda ni ya Jairus. Siku hamsini na saba ameshuka ngazi hizi kuingoja, na leo imekuja.

Nimepanda nikachukua utepe na kalamu nene. VESTINE, kwa herufi kubwa. Nimeubandika juu kabisa, juu ya jina langu. Meneja alikuwa koridoni na ngazi yake akibadilisha taa. Akaacha kazi akanitazama. Nikaubonyeza tena kwa dole gumba, pembe zote nne, mbele yake. Akatoa simu akapiga picha.

Apige! Kesho mtu wa posta atapita tena na jina litakuwepo.

Naandika nimekaa kwenye ngazi, mlango wa nje nimeuwekea kiatu usijifunge, maana huwezi kuufungua ukiwa nje. Miguu inaniganda, sijali. Basi la saa nane limepita. Ameshuka mwanamke mnene, nikasimama na koti. Si yeye. Lingine linakuja saa nane na nusu.