Rangi ya Bluu Kwenye Gurudumu la Nne

Tata,

Lori limesimama sawa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Haliinami tena upande wa kushoto kama mtu anayetega sikio kusikiliza maneno ya jirani. Miguu yake yote minne inalingana.

Sasa salamu. Mama hajambo. Mgongo unamsumbua asubuhi, lakini anakula. Baba mdogo Deo, mdogo wako, hajambo, na bado anacheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Mimi ni mzima. Baada ya mazishi yako nilirudi shuleni Muleba, nikafanya mtihani, nikafaulu. Kwenye Fizikia kulikuwa na swali la msuguano, nikalia kidogo kabla ya kulijibu. Msimamizi alidhani swali limenishinda. Halikuwa gumu, Tata. Lilikuwa na mchoro wa gurudumu.

Sasa ni likizo, niko nyumbani Izimbya. Nimekaa barazani, na kutoka hapa naona kaburi lako katikati ya migomba, msalaba wake ukiwa umepakwa rangi ya bluu. Kuhusu rangi hiyo nina habari ya kukupa, ila nitaifikia polepole, maana ulikuwa hupendi mtu anayesimulia kutoka mwishoni.

Unakumbuka mvua zile lori lilipozama bondeni? Ndizi za watu ziliiva zikiwa juu ya gari. Watoto wa kijiji kizima walishinda pale wakila mpaka matumbo yakawauma, na wewe uliyekuwa umeshika koleo ukasema, "Kuleni, kuleni, angalau kuna wanaofaidi." Ndipo ulipoanza kuzungumza juu ya magurudumu ya jeshi. Mama alidhani ni maneno ya hasira. Kisha siku moja ukarudi kutoka kwenye mnada Mwanza, ukayashusha uani: makubwa, meusi, yenye meno kama ya mamba. Nilisimama kando ya moja na likanifika kifuani. Baba mdogo alilizunguka akasema, "Kaka, hili si gurudumu, hii ni nyumba. Mlango uko wapi?"

Hayakuingia. Ringi zake zilikuwa na kina kirefu, na tairi lilipoegemea ndani liligusa springi. Ukaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma Bukoba akakutengenezea spesa, yale maduara mazito ya chuma yanayokaa kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ringi ili kulisogeza gurudumu nje. Nilikuuliza zinafanya kazi gani, ukanijibu, "Koku, watoto wawili wakigombana kitandani unafanyaje? Unalala katikati. Spesa ni mzazi aliyelala katikati." Ukanifundisha na kukaza nati. Siyo kwa kuzunguka, bali kwa kuvuka: juu, chini, kushoto, kulia. "Kama ishara ya msalaba," ulisema, "usiharakishe kama wale wanaoichora wakiwa tayari wamefika mlangoni mwa kanisa."

Ulifunga ya mbele mawili, ukafunga la nyuma kulia. Siku ya lile la nne, kabla hujalifunga, ulitoka chini ya gari ukanawa mikono. Ukasema kichwa kinauma, ukaomba maji. Mama anasema hukuyamaliza yale maji. Jirani alikupeleka hospitali kwa gari lake, na mimi niliitwa ofisini shuleni kesho yake.

Wakati wa matanga kazi zilisimama, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeshika jembe wala nyundo. Lori lilibaki pale uani, upande mmoja juu ya mawe, na gurudumu la nne lilikuwa limelala chini. Wazee waliokuja kutupa pole walilikalia, wawili wawili, kama benchi. Niliwasikia wakisema taratibu, "Magurudumu yaliyozoea vita hayajui kubeba ndizi." Mwingine akaitikia, "Na huyu bwana si yalimwangusha siku ile ile?" Mama alikuwa anapita na sufuria. Alisikia pia. Tangu siku ile akawa haangalii upande wa lori.

Alipatikana mtu wa Muleba anayetaka kulinunua lote kama lilivyo. Tata, sikuwa na neno la kumzuia Mama. Lori ni lake na hofu ni yake. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba amalizie kwanza kazi yako, ndipo aamue. Jioni akamwambia Baba mdogo, "Lifunge. Likifika Bukoba na kurudi bila matata, litabaki. Likileta neno lolote, nampigia yule mtu aje alichukue na magurudumu yake."

Ndipo sasa inakuja habari ya rangi. Tulipokuwa tunamaliza matanga, Baba mdogo alipaka chokaa nyumba, akapaka msalaba wako, akapaka na vyuma vya kuzunguka kaburi. Rangi ya bluu ikabaki kwenye kopo. Unajua alivyo, hapendi kitu kitupwe. Siku moja kabla ya safari akaiona ile spesa ya mwisho imeanza kuota kutu pale nje. Akaipaka rangi pande zote mbili, akapaka na uso wa habu. "Kaka alikuwa anapenda mambo safi," alisema. Kwa kweli ilipendeza. Mimi mwenyewe niliona kama vile gurudumu hilo nalo limevalishwa nguo ya msiba wako. Tulilifunga mimi na yeye, tukakaza kwa ishara ya msalaba kama ulivyotaka, na sikuona kosa.

Siku ya safari tulipakia ndizi za majirani na magunia ya kahawa. Mama alikaa katikati, rozari mkononi, macho mbele. Watoto walikimbia nyuma yetu wakiita, "Enjojo! Enjojo!" Wamelipa lori jina la tembo, Tata. Ungecheka. Usukani ni mzito, Baba mdogo anasema anahisi kama anageuza kanisa, lakini kutoka juu pale unaona mpaka ndani ya vibanja, yale mashamba ya migomba ya watu.

Tulipofika tambarare, mbele ya kituo cha kukusanyia kahawa, nikasema, "Baba mdogo, Tata alikuwa anasimama hapa."

"Koku, hata jasho halijatutoka unataka kupumzika?"

"Si kupumzika. Kahawa."

Alikuwa anakumbuka. Wote tunakumbuka. Ulikuwa unasema gurudumu lililotoka kufungwa ni mgeni, na mgeni hupewa kahawa kwanza, ndipo anaulizwa habari za alikotoka. Basi ulisimamisha gari mahali pale pale, ukatoa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, ukatugawia, tukatafuna mpaka tukatema maganda, na baada ya hapo ulizunguka na spana "kuuliza habari." Sitaki nikudanganye kwamba nilihisi hatari. Nilitaka tu kusimama pale uliposimama. Mfukoni nilikuwa na kahawa.

Tukatafuna. Baba mdogo akachukua spana akaenda mbele, akiimba. Mbele kulia, sawa. Mbele kushoto, sawa. Nyuma kulia, sawa. Halafu kuimba kukakoma.

Nilizunguka nikamkuta amechuchumaa. Spana alikuwa ameiweka chini. Alikuwa anazungusha nati kwa vidole, Tata, kwa vidole vitupu, na kando yake vilikuwa vinadondoka vipande vya bluu kama maganda ya yai. Akajaribu ya pili, nayo ikaja. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyevunja chungu cha mama yake.

Tuliinua gari kwa jeki, tukalivua gurudumu. Rangi ilikuwa imekauka juu tu. Ndani ilikuwa laini, na uzito wa ndizi ulikuwa umeiminya ikakunjana kama utando wa maziwa. Nati zilikuwa zimekaza rangi, hazikukaza chuma. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa bondeni.

Mama alikuwa ameshashuka. Alisimama nyuma yetu, na hatukujua amesimama kwa muda gani. Baba mdogo akasema bila kugeuka, "Shemeji, nilitaka kuwaua. Kwa mikono yangu na kopo la rangi."

Nikawaza, basi, lori limekwenda. Limeleta neno, na neno lenyewe ndilo hili. Nilimtazama Mama nikingoja atoe simu.

Akasema, "Koku, niletee kisu changu."

Kile kisu cha kumenyea ndizi, ambacho hasafiri bila kuwa nacho. Nikampa. Akatandika gunia chini, akakaa, miguu ameinyoosha kama anavyokaa jikoni. Akaomba ile spesa iwekwe mbele yake, akaanza kuikwangua. Ulimfahamu Mama anavyomenya ndizi, haraka, macho yakiwa kwingine. Safari hii aliangalia. Rangi ilitoka vipande vipande, chuma kikaanza kuonekana. Baba mdogo alichukua jiwe akasugua habu, nami nikasugua ringi kwa mchanga na gunia. Watu wa kituo cha kahawa walikuja kutazama, mmoja akauliza kama siku hizi lori nalo linamenywa kabla ya kupikwa. Mama akacheka. Tata, alicheka. Nilikuwa sijamsikia tangu uondoke.

Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya chuma, akasema, "Deo, ulifanya kwa upendo. Lakini rangi ya kaburi ibaki kaburini." Kisha, kama anajisemea mwenyewe, "Wala si vita niliyokuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kuyasikia yakipita bila wewe."

Alisema "wewe," Tata. Hakuwa anazungumza nasi.

Tulilifunga upya, chuma kwa chuma. Juu, chini, kushoto, kulia. Nguvu za mwisho alitoa Mama, alipanda juu ya mpini wa spana akiwa ameshika bodi, na Baba mdogo akapata ulimi wake tena: "Taratibu, Shemeji, bolti zenyewe bado ni changa!" Mbele kidogo tulisimama tena, tukatafuna tena, tukauliza habari. Habari zilikuwa njema.

Bukoba tulishusha mzigo, tukapita dukani kwa Mzee Jivan kununua nati za akiba. Unajua alivyobaki karibu peke yake mtaa ule, wanawe wote wameshahama. Aliposikia mlio wa lori alitoka mpaka ngazini, miwani iko kwenye paji la uso, akaita kwa Kihaya kile chake kizuri kuliko changu, "Yuko wapi mbishi wangu?" Hakuwa amepata habari. Mama alimwambia. Alishika mlango. Baadaye alisema, "Alikuwa anakuja hapa kubishana. Kununua kilikuwa kisingizio." Akazichagua zile nati moja moja, akizijaribu kwenye bolti kabla ya kuziweka mkononi mwangu, kama vile wewe ungesimama pale ukizikataa.

Tulirudi mvua ikinyesha. Kule bondeni, pale ndizi zilipoivia, kulikuwa na tope lile lile, jekundu na zito. Baba mdogo alipunguza mwendo, akapiga ishara ya msalaba, mara hii bila haraka. Mama alifumba macho. Mimi sikufumba, nilitaka nione kwa niaba yako. Magurudumu yalizama kidogo, yakashika, yakavuta, yakatutoa upande wa pili kana kwamba bonde halijawahi kuwa na jina baya. Mama akafumbua macho akauliza, "Tumeshavuka?" Baba mdogo akamwambia, "Shemeji, bonde lenyewe umelikosa."

Kesho yake asubuhi Mama alimpigia yule mtu wa Muleba. Nilimsikia akimwambia kwa adabu kwamba amsamehe, gari haliuzwi, lina kazi. Baada ya hapo akatoka uani na kikapu, akapita karibu na lile la nyuma kushoto, akaligonga kwa ngumi kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Tata, kuna siku bado ni mbaya. Jana nilisikia mtu anakohoa kibandani nikasimama kukuitikia. Alikuwa Baba mdogo. Amevaa ovaroli lako, linambana tumboni. Mama ndiye aliyempa.

Nitarudi shuleni wiki ijayo. Nimemwambia Mama kwamba nikimaliza kidato cha nne nataka kwenda chuo cha ufundi wa magari. Nilidhani atasema mikono yangu itaharibika. Aliitazama, akaigeuza, akasema, "Mbona imeshaanza." Sijui kama nitapata nafasi. Nitasoma kama mtu atakayepata.

Sasa nakuaga, maana jua limefika kwenye karatasi. Msalaba wako tumeuacha na rangi yake, unapendeza katikati ya kijani. Nimekuwekea kahawa kidogo chini yake, kwenye jani. Pumzika, Tata. Ulikuwa umechoka na hukusema. Mama namtunza, na Mungu anatutunza wote, ninyi wa huko na sisi wa huku.

Ahadi yangu ni hii. Sitafunga chuma bila kukisafisha, na sitasafiri na mgeni bila kumuuliza habari. Ukisikia lori limetoka nyumbani, likafika pale tambarare, kisha likanyamaza, usishtuke ukadhani limeharibika. Ni sisi. Tunatafuna kahawa.

Mwanao,
Koku