Saa Waliyoitafuta Kifuani Mwako

Baba,

Shikamoo. Nimejiitikia mwenyewe, maana nyumba yetu hii ya Magomeni imekosa marahaba yako.

Kesi inasikilizwa kesho. Yule muuza nyama aliyekukamata anasema hakukuua, eti mashine yako ya moyo ilizimika yenyewe. Niliposikia hivyo nilitamani kumpasua kichwa kwa mchi. Bado natamani.

Neno moja tu lilikuponza, Baba. Tangu uliporudi kutoka Ulaya kutibiwa moyo, na kile kidude chini ya ngozi ya kifua, sote tulikiita saa. "Mwajuma, usinilalie upande wa saa," ulikuwa ukiniambia, na mama anadakia, "Mume wangu hachelewi, ana saa ya ndani!" Siku ile kwenye foleni ya sukari Kariakoo, bwana mmoja akapiga kelele kaibiwa saa. Watu wakaanza kupapasana. Muuza nyama akakugusa kifuani, akakuta kitu kigumu.

"Una nini hapa?"

"Saa yangu, ndugu. Taratibu."

Basi. Wakakuchania shati, wakakibana kile kidude kwa vidole wakitaka kuking'oa, na kovu wanaliona! Nilikuwa nyuma yako. Nilipiga mayowe, nikang'ata mkono wa mtu mpaka nikaonja damu. Wakakupiga mateke ya mbavu. Muuza nyama akachukua jiwe la mizani buchani kwake pale pale, akakupiga nalo kichwani. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Saa ya yule bwana ilikutwa ndani ya kikapu chake mwenyewe, mkanda umekatika. Akaja msibani kutoa pole! Nilimtimua kwa ufagio, shangazi kanishika kiuno.

Juzi nilimwendea daktari wako. Nilimuuliza kwa ukali, kama vile naye alikuwemo kwenye lile kundi: mashine ilizimika? Akanieleza polepole. Moyo una mpigo wake wenyewe, mashine inausikiliza tu. Ukipiga kwa wakati, inanyamaza. Ukichelewa, inaushtua kwa umeme kidogo sana. Ni kama mtu anayefuata nyuma ya mkokoteni, hausukumi mpaka ukwame. Kumbe siku zote tulidhani ndiyo iliyokuwa ikikuendesha, na moyo ulikuwa wako, Baba. Akasema walipokupasua hospitali kuuchunguza mwili, mashine ilikuwa bado nzima, inaushtua moyo uliokwisha kufa.

Nililia mbele yake bila haya. Watu wazima wote walikuwa wamekimbia, na kidude kile bado kinakuamsha.

Sasa pumzika, Baba yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi kesho sitamgusa yule mtu, ingawa mikono inaniwasha. Daktari atakuja kutoa ushahidi, nami nitasimama mbele ya hakimu, nimnyooshee kidole nikisema: mashine ya baba yangu haikuzimika. Aliyemzima ni huyu.

Mwanao,
Mwajuma